Mnaotaka kuanza udereva wa basi Tanga: nilivyoingia mimi, na siku iliyokaribia kunitoa

Mpole wa Pongwe (mwenye uzi)

Wakuu, salaam aleikum, na wengine habari za jioni.

Kuna kijana hapa mtaani kila nikishuka garini ananifuata. "Anko, nataka kuendesha basi, naanzia wapi?" Nimemjibu vipande vipande, leo kidogo, kesho kidogo, mpaka nimeona bora niandike mara moja asome yeye na wenzake. Naandika kwa simu na kesho nina safari, kwa hiyo nikikatika nivumilieni.

Mimi ni mzaliwa wa Pongwe, nimekulia kwenye vumbi la malori ya saruji. Sikusomea udereva kwanza. Nilianza ukonda kwenye Hiace, zama hizo stendi kubwa ilikuwa bado mjini Ngamiani, haijahamia Kange. Tulikuwa tunapiga Raskazone, Mabokweni, popote ambapo siku hiyo abiria wapo. Ukonda ndiyo shule yangu ya kwanza na sioni aibu kusema, kwa sababu mambo mengi ninayoyajua leo niliyajua nikiwa nimening'inia mlangoni, wala si nikiwa nimeshika usukani.

Jambo la kwanza nililojifunza pale ni kwamba gari si la dereva. Gari lina tajiri, tajiri ana hesabu. Asubuhi unakabidhiwa gari, jioni unapeleka hesabu aliyoitaka, mafuta juu yako, kinachobaki ndiyo chenu wewe na konda. Mvua ikinyesha siku nzima, hesabu iko pale pale. Shule zikifungwa, iko pale pale. Ndiyo maana unaona daladala inakimbizana na mwenzie kutoka Mikanjuni mpaka mjini kama wameibiana kuku. Sisemi ni sawa. Nasema ujue kwa nini, maana ukikaa kwenye kile kiti na wewe utakimbia, hata kama leo unajiapiza.

Kutoka konda nikawa deiwaka. Kwa wasiojua, deiwaka ni dereva asiye na gari lake la kudumu. Unakaa stendi, dereva mwenye gari akiumwa, akifiwa, au akitaka tu kula chakula cha mchana kwa raha, anakurushia funguo upige tripu mbili tatu. Hapo ndipo watu wanakuona mkono wako. Hakuna usaili mwingine mkubwa kuliko huo. Konda akirudi jioni akimwambia tajiri "yule kijana anaendesha taratibu na gari halijagongwa gongwa", umeshapata kazi na hujui.

Nitaendelea. Ulizeni.

Kijana wa Duga

Shikamoo anko. Ndiyo mimi huyo. Sasa leseni? Ninayo D, niliipata mwaka jana. Kuna jamaa ananiambia anaweza kunisaidia nipate C ndani ya mwezi.

Mpole wa Pongwe

Marahaba. Nilijua utaanzia hapo hapo.

Sikiliza, mdogo wangu. Leseni yetu ina madaraja na kila daraja lina ngazi yake. D ni gari dogo la kawaida, lisilobeba abiria wa kulipa wala mizigo mikubwa. Kosta ya abiria 15 mpaka 30 ni C1. Basi la abiria 30 na kuendelea ni C. E ni malori. Sasa, hauruki. Unatakiwa ukae na D miaka 3 ndipo uombe C1 au E. Halafu ukae na C1 au E miaka mingine 3 ndipo uombe C. Piga hesabu mwenyewe: ukiwa na D mpya leo, C ya halali ni miaka 6 mbele. Na katikati hapo kuna mafunzo ya magari ya abiria, vyuo vya ufundi vya VETA wanayo, Chuo cha Taifa cha Usafirishaji pale Mabibo Dar es Salaam wanayo, halafu jaribio la polisi, ndipo TRA, watu wa mapato, wanakupa kadi ya leseni.

Huyo jamaa wa mwezi mmoja mwambie asante.

Mbishi Halisi

Mkuu hapo unamtisha dogo bure. Nawajua watu zaidi ya watano wanaoendesha mabasi makubwa na hiyo miaka sita hawajaiona. Bongo hii.

Mpole wa Pongwe

Nami nawajua. Siku gari linapolala ubavuni, mtu wa kwanza kutafutwa ni dereva na kitu cha kwanza kuangaliwa ni leseni yake. Bima nao wanaiangalia hiyo hiyo. Tajiri aliyekuajiri akijua huna karatasi, siku hiyo atasema hakukujua kabisa. Utakaa rumande peke yako na jamaa yako wa mwezi mmoja simu haipatikani.

Halafu siku hizi kuna LATRA, mamlaka inayosimamia usafiri wa ardhini. Zamani enzi za SUMATRA, iliyokuwepo kabla yake, mambo yalikuwa mengine. Sasa dereva wa basi anasajiliwa, anafanya mtihani wa kuthibitishwa, na mabasi ya mikoani yamefungwa mfumo unaofuatilia mwendo. Dereva una kitufe chako, unakigusisha kabla hujaondoka ili ijulikane nani yuko kwenye usukani. Ukipita spidi 80 huko barabarani mfumo unaona. Kwa hiyo hata ukimdanganya trafiki kwa maneno matamu, kile kidude hakili wali wa mtu.

Abiria Kiti cha 3

"Hakili wali wa mtu" 😂😂 Tanga hamuishiwi nyie.

Endelea mkuu, tuko hapa.

Konda Mstaafu

Naweka kiti. Huyu nadhani namjua, tumewahi kupiga naye Horohoro. Asiniulize jina.

Mpole wa Pongwe

Haya, twende kwenye basi lenyewe, maana hapa ndipo watu wenye uzoefu wa Noah wanapodhani wanajua.

Kwenye gari dogo tairi la mbele liko mbele yako. Kwenye basi la mbele bapa wewe ndiye uko mbele ya tairi. Umekalia hewani, mlango wa abiria uko sambamba nawe, tairi liko nyuma ya mgongo wako. Ukifika kona ukazungusha usukani pale ulipozoea kuzungusha, tairi la nyuma litapanda ukingo, au litamkuta mwenye baiskeli. Na mjini kwetu baiskeli si chache. Unatakiwa uiache kona ikupite kwanza, yaani wewe mwili wako uende mbele kabisa, uone kama unaingia dukani kwa mtu, ndipo ukate. Wiki ya kwanza nilikuwa nafumba jicho moja kila nikifika makutano. Mwalimu wangu, mzee mmoja Mbondei wa Muheza aliyekuwa anatafuna tambuu kutwa, alikuwa ananipiga kofi la bega: "Bado! Bado! Bado! Haya, sasa!"

Halafu kuna mkia. Nyuma ya tairi za nyuma kuna kipande kirefu cha bodi. Ukikata kulia, kile kipande kinachota kushoto. Umetoka sehemu ya kushushia, unaangalia kulia kwako uingie barabarani, huku nyuma mkia unamsukuma mama mwenye beseni. Hujamwona, na kioo chako wakati huo kinaonyesha mahali pengine. Hapo ndipo konda anakuwa jicho lako. Konda akisema "simama", unasimama kwanza, unauliza baadaye. Dereva anayemtukana konda ni dereva aliyejipofua jicho moja kwa hiari.

Breki. Gari dogo lina breki za mafuta, ukigusa linashika. Basi kubwa lina breki za upepo. Asubuhi ukiwasha, hauondoki. Unaangalia geji, unasubiri mitungi ijae. Kila asubuhi unamwaga maji kwenye mitungi, kwa sababu upepo unaobanwa unatoa maji, na maji yakikaa humo yanakula vifaa na kuharibu breki zenyewe. Ni kazi ya dakika mbili, unavuta kamba au unafungua kizibo, pshaaa, basi. Nimeona gari limekaa miezi hakuna aliyelimwaga, siku tulipofungua yalitoka maji ya rangi ya chai na mafuta yake.

Jambo lingine, upepo ukiisha breki za nyuma zinajifunga zenyewe. Zimetengenezwa hivyo makusudi, spiringi ndiyo inafunga na upepo ndio unafungua. Kwa hiyo ukikuta gari halitoki, usianze kulazimisha gia. Tazama geji.

Kijana wa Duga

Anko na milima? Mimi ndoto yangu ni Lushoto.

Mpole wa Pongwe

Lushoto. Kila kijana anaitaka Lushoto kwa sababu ya zile kona na picha za kupiga Soni.

Kutoka Mombo kwenda juu ni kilomita 30 na ushee tu, lakini ni mlima mtupu, korongo upande mmoja, ukuta wa mawe upande wa pili. Kupanda si tatizo. Gari likichoka litazidi kuunguruma tu. Kazi iko kwenye kushuka. Wazee wana kauli: gia utakayopandia ndiyo ushukie. Kama sehemu ile ungeipanda na ya pili, basi unashuka na ya pili, unaacha injini ikushike, na breki ya egzosti umeiwasha, mguu wa breki unaugusa kwa vipindi. Usiukalie. Ukiukalia breki zinapata moto, zikipata moto zinachoka. Unakanyaga pedali inakwenda chini kama kawaida, ila gari halisikii. Kabla ya hapo kuna harufu, kama mpira na kitambaa vinaungua pamoja. Ukiisikia hiyo harufu na ikawa ni gari lako, tafuta mahali pa kusimama mapema, usingoje Mombo.

Na usije ukaweka nyutro ili kuokoa mafuta. Wapo wanaofanya. Mafuta yanayookolewa hapo hayafiki hata lita chache, na nyutro ikishawekwa mlimani kurudisha gia kwenye gari lenye spidi ni bahati nasibu.

Mimi Lushoto nimepiga miezi minane kwenye Kosta. Abiria wa kule ni watu wa heshima sana, mboga zao wanazifunga vizuri, lakini wakiona umepanda taratibu hawasemi, na wakiona umeshuka mbio wanaanza kukohoa. Gari zima linakohoa. Ukisikia kikohozi, punguza.

Abiria Kiti cha 3

Mimi Msambaa wa Soni nathibitisha hicho kikohozi. Bibi yangu alikuwa ndiye kiranja.

Mama wa Wawili

Samahani kaka zangu, naomba kuuliza. Hii kazi kwa mwanamke ikoje? Nina D ya miaka minne, nimeendesha gari la ofisi. Nikienda Kange kuulizia naangaliwa kama nimepotea.

Mbishi Halisi

Dada yangu ile si kazi yako, alfajiri stendi pale maneno yanayotoka huwezi kuyavumilia.

Bi Usukani

Mbishi, mpishe mwenzio.

Mama wa Wawili, mimi ni mwanamke na naendesha basi la shule hapa hapa Tanga. Kosta, C1. Nina mwaka wa tano. Sikuanzia stendi kwa sababu hiyo hiyo uliyoisema, nikapita njia nyingine. Kama una D ya miaka minne, umeshatimiza mitatu, nenda kafanye mafunzo ya abiria uombe C1. Halafu badala ya kutafuta tajiri wa daladala, peleka barua kwenye shule, hoteli, viwanda vinavyobeba wafanyakazi. Huko kuna mkataba, kuna mshahara wa mwisho wa mwezi, wengine wanakuwekea na NSSF. Hakuna hesabu, hakuna kupigania abiria.

Tofauti yake ni kwamba mzigo wako unaongea na kutapika. Asubuhi nahesabu wanaopanda, shuleni nahesabu wanaoshuka. Halafu mimi mwenyewe nainuka kitini natembea mpaka siti ya mwisho nikiinama chini ya kila kiti, kila siku, hata kama matroni ameshasema wote wameshuka. Mtoto wa chekechea akilala anateleza chini ya siti, humwoni kwenye kioo. Gari likifungwa juani kwa joto la Tanga, sitaki kumaliza hiyo sentensi.

Miaka yangu mitatu ya C1 imeshatimia, sasa naandaa C. Siku nikiingia Kange na basi la watu hamsini nitamtafuta Mbishi nimpe siti ya mbele bure.

Mama wa Wawili

Umenitoa mbali dada. Naja inbox.

Mbishi Halisi

Nimeelewa, nimepisha. Lakini hiyo siti naidai.

Konda Mstaafu

Mpole, hebu waambie habari ya kugeuza. Wewe unaijua.

Mpole wa Pongwe

Nilikuwa naikwepa. Haya.

Baada ya Kosta na C yangu mkononi, nikapata basi kubwa la Tanga–Dar. Tajiri simtaji na kampuni siitaji, msiniulize. Furaha niliyokuwa nayo ni ya harusi. Mama yangu alikuja Kange kuniona natoka, kanivalia na kanga mpya.

Njia ile wengi mnaijua mkiwa abiria. Kange, Pongwe, Muheza kwenye machungwa, Segera unakunja kushoto, halafu Kabuku, Mkata, Manga, Mbwewe, unavuka Wami, Msata, Lugoba, Chalinze, halafu ndiyo unaanza foleni ya Kibaha mpaka stendi ya Magufuli Mbezi. Kama kilomita 350. Ukiifuata sheria, 80 kwenye wazi na 50 kwenye kila kijiji chenye kibao, ni saa sita, na foleni ikikushika inazidi. Vibao vya 50 ndivyo vinavyowatoa watu jasho, trafiki na tochi yake ya kupimia spidi yuko nyuma ya mwembe, na kila kosa ni 30,000. Ukipigwa mara tatu kwa siku umefanya kazi ya kumlipa serikali.

Safari moja kwa siku, unalala Dar, kesho unarudi. Hivyo ndivyo nilivyoajiriwa. Baada ya miezi miwili gari mwenza likaharibika, tajiri akasema "tusaidie wiki hii, geuza". Kugeuza maana yake unafika Mbezi saa sita au saba mchana, unakula umesimama, saa nane unapakia tena unarudi Tanga siku hiyo hiyo. Kilomita 700. Unaingia Kange usiku, unafika nyumbani saa nne, saa kumi alfajiri uko macho. Sheria inasema dereva asizidishe saa nane kwa siku, na safari ikizidi hapo wawe madereva wawili. Dereva wa pili alikuwepo kwenye karatasi. Kwenye gari sikuwahi kumwona.

Wiki hiyo ikawa wiki tatu.

Siku ninayotaka kuwaambia ilikuwa ni kurudi, jioni, jua limeshazama upande wa kushoto. Nimepita Mbwewe, nakumbuka kabisa, kulikuwa na mtu anauza mkaa na mtoto amekalia gunia. Kitu kilichofuata kukumbuka ni taa za Mkata. Katikati hapo hakuna kitu. Sikupata ajali. Sikutoka barabarani. Nilikuwa nimeshika usukani, macho wazi, mguu kwenye mafuta, na kilomita zote hizo sikuwepo. Konda akaja mbele akaniinamia: "Bro, mbona umempita abiria wa Manga? Amepiga kelele shusha mpaka amelia." Nikageuka. Kwenye korido kasimama mzee wa makamo na kapu lake, macho mekundu. Gari zima kimya, wananitazama. Walikuwa wamemsikia wote. Mimi sikusikia hata neno.

Nikasimamisha gari pale Mkata. Nikashuka, nikanawa uso, nikamwomba radhi yule mzee, nikamtafutia gari la kumrudisha Manga na nauli nikamlipia. Halafu nikakaa ngazini kwa basi dakika ishirini. Abiria wengine wakaanza kulalamika, kuna mmoja alikuwa anawahi msiba Muheza. Mama mmoja, sijui jina lake mpaka leo, akawaambia: "Mwacheni akae. Mnataka kufika kwenye msiba au mnataka kuwa msiba?" Wakanyamaza.

Usiku ule nilimpigia tajiri nikamwambia kesho nakwenda Dar, lakini sigeuzi. Akasema sawa. Kesho yake nilipofika Mbezi akanipigia: gari nimkabidhi fulani. Ndiyo ikawa hivyo. Nikarudi Tanga kama abiria, kiti cha nyuma kabisa, juu ya injini.

Mbishi Halisi

Mkuu pole. Lakini na mimi niseme ukweli, wapo wanaogeuza mwaka wa kumi huu na wako salama. Inategemea mwili wa mtu.

Konda Mstaafu

Mbishi, mimi nimekuwa konda wa mikoani miaka kumi na moja. Kazi ya konda saa tisa alasiri si nauli, nauli umeshakusanya Chalinze. Kazi yake ni kumwangalia dereva. Nilikuwa namtazama shingo. Dereva akianza kujikuna shingo, kufungua dirisha, kufunga, kuongeza muziki, kupunguza, huyo anapigana na usingizi. Namletea pipi, namuanzishia ubishi wa Coastal Union, namuuliza habari ya mkewe wa kwanza, chochote. Nao hao waliogeuza miaka kumi niulize mimi wamelala mara ngapi na nani alikuwa anawaamsha. Watasema mwili una nguvu. Mwili ulikuwa na konda.

Bi Usukani

"Mwili ulikuwa na konda." Hii naiandika ukutani.

Abiria Kiti cha 3

Swali: tangu 2023 mabasi yaliporuhusiwa kusafiri saa 24, hali imekuwa nzuri au mbaya zaidi kwa dereva?

Mpole wa Pongwe

Mimi naona usiku wenyewe si adui. Barabara haina watu wengi, hakuna jua, hakuna foleni ya Kibaha. Aliyelala mchana vizuri usiku anaendesha safi kabisa. Shida ni mtu aliyeendesha mchana halafu anaambiwa na usiku aongeze. Na kulala mchana kwenye nyumba ya kupanga, watoto wanacheza uani, jirani kafungulia redio, mkeo anakuuliza hela ya mchele, si kitu rahisi. Mke wangu alitoa amri nyumba nzima: baba akilala hata kuku asifukuzwe. Bila yeye nisingeweza ratiba ya usiku.

Nilipo sasa tunakwenda wawili kweli kweli, mwenzangu anaanzia Segera au Msata kutegemea na safari. Lakini kabla ya hapo nilikaa deiwaka miezi minne. Dereva mwenye C, niliyekwisha ingia Mbezi na basi la watu hamsini na ushee, narudi kusubiri funguo za Hiace za Mabokweni. Vijana niliowafundisha ukonda wananipita na magari yao wananipigia honi. Mama Watoto akaanza kukaanga vitumbua tukala kwa hivyo. Sikusimulii hii ili unihurumie, dogo wa Duga. Ukikataa kugeuza unaweza kukaa benchi, hilo nalo ulijue kabla hujaanza. Weka akiba ya miezi mitatu kabla hujashika gari kubwa. Dereva asiye na akiba hana mdomo wa kukataa.

Kijana wa Duga

Nimesoma yote anko. Nimenyamaza kidogo kwa sababu nilitaka nirudi na habari.

Nina wiki ya tatu sasa ni konda kwenye Kosta ya Tanga–Muheza. Jamaa wa leseni nimemkatalia, kaninunia. Miguu inauma hatari na sauti imekwisha. Nimejifunza kuita "Pongwe–Muheza" kwa pua.

Ila juzi nimefanya kosa. Jioni tumeshamaliza, dereva akanipa funguo nirudishe gari nyuma kidogo lipishe jingine, pale pale stendi. Nikarudisha. Nikagonga ndoo ya machungwa ya mama mmoja. Yakamwagika yote, watu wakaokota wakaondoka nayo.

Konda Mstaafu

😂😂😂 Karibu kazini.

Mpole wa Pongwe

Ndoo umelipa?

Kijana wa Duga

Ndoo na machungwa. Posho ya siku mbili imeondoka.

Mpole wa Pongwe

Na huko nyuma nani alikuwa anakuangalizia?

Kijana wa Duga

Hakuna anko. Nilijiangalizia kwenye kioo.

Mpole wa Pongwe

Haya. Kwanza, una D, ile Kosta huigusi tena mpaka uwe na C1, hata ndani ya stendi, hata kwa hatua tatu, hata dereva wako akikurushia funguo machoni. Pili, hakuna kurudi nyuma bila mtu nyuma. Leo yalikuwa machungwa.

Jumapili niko mapumziko, gari linaoshwa Kange saa moja asubuhi. Njoo na nguo chakavu nikuonyeshe kumwaga maji kwenye mitungi. Usiniletee soda, niletee vitumbua, lakini si vya mke wangu, hivyo nimevichoka.

Kesho natoka saa kumi na moja na nusu. Nalala.